Steringi Hafi, Adui Haponi

Jioni moja, kwenye basi dogo linalotoka Mtumba kwenda mjini, kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa anamalizia kutazama Joker kwenye simu. Ile ya mwaka 2019, ya Todd Phillips, ambayo Joaquin Phoenix anacheza kama Arthur Fleck. Basi lilikuwa limejaa watumishi wa wizara, wengine bado vitambulisho viko shingoni. Tulipokaribia Ihumwa, filamu ilikuwa imefika mwisho kabisa: Arthur yuko Arkham, amefungwa pingu, anaongea na mtaalamu, kisha anatembea kwenye korido nyeupe, na kila anapokanyaga anaacha alama nyekundu.

Mwenzake, aliyekuwa anachungulia tangu tulipopanda, akauliza, "Kwa hiyo hawakumnyonga?"

"Watamnyongaje? Kichaa huyo."

"Basi atatoka."

"Atatoka tu, mwanangu. Lazima atoke."

Wakacheka, mmoja akavaa spika za masikioni, safari ikaendelea. Mimi nikabaki na lile neno lazima. Kijana hakusema kwamba huenda Arthur akatoroka, au kwamba hospitali ile ina ulinzi mbovu. Alisema lazima, kama mtu anayeeleza kanuni ya hesabu. Na kwa hadithi za mashujaa wa katuni, alikuwa sahihi kabisa.

Lakini basi lile lilikuwa linatoka kwenye Mji wa Serikali, zilipo ofisi za mawaziri, linaelekea kwenye mji wenye Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe na taasisi yake ya Isanga, wanakopelekwa watu wenye ugonjwa wa akili walioingia kwenye mikono ya sheria. Sidhani kama kuna njia nyingine ya daladala nchini ambayo swali la "atatoka au hatatoka" linaihusu zaidi. Na huku kwetu jibu lake halina lazima yoyote.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza kila mtoto aliijua: steringi hafi. Hata akipigwa risasi ngapi, hata akitupwa kwenye mto wenye mamba, ukimwona mtu mzima anaanza kusikitika unamwambia atulie, huyo ni steringi. Ya pili hatukuisema kwa sababu haikuhitaji kusemwa: adui haponi. Mkubwa wa maadui hufa mwishoni, peke yake, baada ya askari wake wote, na hufa kifo kirefu kuliko chao. Hakuna aliyeuliza kama alipaswa kupelekwa mahakamani. Mahakama ingekula muda wa filamu inayofuata, na kiingilio kilikuwa kimeshalipwa.

Kanuni hiyo haikuletwa na sinema. Kwenye ngano tulizosimuliwa, zimwi haliwekwi rumande. Linachomwa, linakatwa, na watu liliowameza wanatoka wazima. Hata riwaya zetu za upelelezi zilikwenda njia hiyo. Willy Gamba wa Aristablus Elvis Musiba, aliyewafanya baba zetu wasome usiku kwa mwanga wa koroboi, ni mtu wa bastola kuliko wa jalada. Musiba aliita kitabu kimojawapo Kufa na Kupona, na kwa ulimwengu ule jina linatosha: ama unakufa ama unapona, yaani unasalimika.

Hadithi za mashujaa wa katuni za Marekani zilileta jambo jipya hapo. Batman haui. Adui anakamatwa akiwa hai, anakabidhiwa polisi, na anapelekwa hospitali ya vichaa. Kwa mtoto wa banda la video hilo lilikuwa jambo la kushangaza: adui hafi! Ilionekana kama maendeleo, kama watu wale wamefikiria zaidi yetu. Nimechukua miaka mingi kuona kwamba ile kanuni ya zamani haikufutwa, ilibadilishwa maana tu. Kupona kwa Kiswahili ni kusalimika, na pia ni kupata nafuu ya ugonjwa. Adui wa zamani hakupona kwa maana ya kwanza. Adui wa Arkham haponi kwa maana ya pili. Anaishi, lakini hatibiki. Na hatibiki kwa sababu haruhusiwi kutibika.

Arkham yenyewe ina tarehe ya kuzaliwa. Joker alianza mwaka 1940, katika toleo la kwanza kabisa la Batman, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mhalifu wa kawaida kwa maana ya kisheria: akikamatwa anakwenda jela. Hospitali ya Arkham ilitokea mwaka 1974, kwenye toleo la 258, ikiandikwa na Dennis O'Neil na kuchorwa na Irv Novick. Jina walilitoa kwenye mji wa kubuni wa H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha. Yaani tangu siku ya kwanza jengo lile lilipewa jina la mahali pa majinamizi. Mwaka 1989 Grant Morrison na Dave McKean wakalitolea kitabu kizima, ambamo mwanzilishi wa hospitali mwenyewe anapata wazimu. Ujumbe wake ni mwepisi kuusoma: hakuna anayeingia mle akatoka mzima, hata daktari.

Kibiashara, jengo hilo ni uvumbuzi wa akili sana. Mwandishi ana adui anayependwa na wasomaji. Akimuua, amepoteza mali. Akimfunga miaka thelathini, wasomaji watahesabu. Akimponya, ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu Joker aliyepona ni mzee mmoja anayekunywa dawa na kwenda kliniki kila mwezi. Kinachohitajika ni mahali ambapo mtu anaweza kuwekwa bila muda maalumu, bila hukumu inayomalizika, na mlango ambao unafunguka pale mwandishi anapohitaji. Wazimu unatoa vyote vitatu. Nasisitiza kwamba wazimu huu si ugonjwa. Ni stoo.

Mara chache waandishi wenyewe wameusogelea ukweli huo. Mwaka 1996, katika Joker: Devil's Advocate cha Chuck Dixon na Graham Nolan, Joker hatimaye anahukumiwa kifo, lakini kwa mauaji ambayo safari hii hakuyafanya: watu wamekufa kwa sumu iliyopakwa kwenye gundi ya stempu za posta. Batman anafanya uchunguzi na kumwokoa. Ni hadithi nzuri, na hoja yake ni ya heshima, kwamba hata mtu mbaya kuliko wote hastahili kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Lakini angalia walivyokwepa. Mara moja tu waliyoruhusu mahakama ifike mwisho wa kazi yake, wakahakikisha imekosea.

Na mwaka 1988 walimwachia msomaji aamue. Katika A Death in the Family, Joker anamkamata Robin wa pili, Jason Todd, kisha wasomaji wa Marekani wakapewa namba mbili za simu: moja ya kumwacha kijana aishi, nyingine ya kumuua. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 zilitaka aishi. Sisi wa upande huu wa dunia tuna sababu ya kuikumbuka hadithi hiyo, kwa sababu kijana yule anauawa Ethiopia, kwenye kambi za misaada wakati wa njaa, ambako Joker amekwenda kuiba dawa. Wahabeshi wenyewe ni mandhari tu: wamo ndani kama watu wa kufa nyuma ya picha. Ila kilichonigusa zaidi ni ile kura. Wasomaji waliulizwa kama mtoto auawe. Hakuna aliyewahi kuwapa namba ya simu ya kuuliza adui afanywe nini.

Sasa tumpeleke Joker mbele ya jaji wa Tanzania.

Sheria yetu inaanza kwa kudhani kwamba kila mtu ana akili timamu. Anayesema vinginevyo ndiye anayepaswa kuonyesha. Kisha Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 13, inatoa njia tatu. Mtu hawajibiki kwa jinai ikiwa, wakati anatenda, ugonjwa ulioathiri akili yake ulimfanya asielewe anachofanya. Au asielewe kwamba hakupaswa kukifanya. Au asiwe na uwezo wa kujizuia. Mbili za kwanza tulizirithi kwa Waingereza, na kisa chake ni cha mwaka 1843, pale Daniel M'Naghten alipompiga risasi katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel akiamini anaandamwa na chama tawala. Ile ya tatu, ya kujizuia, inakwenda mbele zaidi ya walipofika wao.

Joker anafeli zote tatu. Anaelewa anachofanya, tena anakitangaza kwenye televisheni. Anajua hakipaswi kufanywa, maana ndiyo raha yake. Na mtu anayepanga tukio kwa miezi, akaajiri wasaidizi, akatega mabomu kwa saa, hawezi kusema alishindwa kujizuia. Wakili wa Two-Face angeweza angalau kujaribu njia ya tatu, kwamba mteja wake hawezi kuamua lolote bila kurusha sarafu, ingawa jaji angemuuliza ni nani basi anayepanga lini sarafu irushwe. Arthur Fleck wa filamu ya 2019 ndiye pekee ambaye jaji angemsikiliza kwa muda mrefu: ana historia ya kulazwa, dawa zake zimekatwa baada ya jiji kufuta bajeti ya huduma, anaona mambo ambayo hayapo. Wengine wote wangekwenda gerezani kama wahalifu wengine.

Kwa hiyo hadithi hizi zinapomwita mtu kichaa, hazimaanishi kile ambacho sheria inamaanisha, wala kile ambacho daktari anamaanisha. Zinamaanisha "mbaya kupita kiasi". Neno la ugonjwa limegeuzwa kuwa daraja la juu la ubaya: mwizi, muuaji, kisha kichaa. Hapo ndipo hasara inapotupata sisi watazamaji, kwa sababu swali la sheria ni la kibinadamu kuliko la katuni. Sheria inauliza: saa ile, huyu mtu alikuwa anajua nini? Katuni inauliza: huyu mtu ni kitu gani?

Isanga ni jina la mambo mawili Dodoma. Kuna gereza kuu, na kuna taasisi iliyo chini ya Mirembe. Ukisema "kapelekwa Isanga", msikilizaji makini atauliza, Isanga ipi? Ndani ya swali hilo dogo kuna tofauti yote ambayo katuni imeifuta. Kwa mtu anayeshtakiwa kwa mauaji tofauti hiyo ni kubwa kuliko zote, maana mauaji ya kukusudia kwetu yana adhabu moja tu, kunyongwa. Hakuna aliyenyongwa tangu katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kwamba adhabu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kupima inavunja haki ya kuishi. Lakini hukumu zinaendelea kusomwa, na waliosomewa wanaendelea kungoja.

Utaratibu wenyewe hauna drama. Mahakama ikiona dalili, au wakili akilileta jambo hilo, shauri linasimama na mshtakiwa anapelekwa hospitali ya akili achunguzwe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa daktari siku 42 za kuandika taarifa. Taarifa hiyo ni ushahidi, si amri. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu mwaka 1980 kwamba jaji hafungwi na maoni ya daktari akiwa na sababu nzuri ya kutoyafuata. Jaji akiridhika kwamba kitendo kilifanyika, lakini mtendaji hakuwa na akili timamu, hamtii hatiani, na pia hamwachii aende nyumbani. Anatoa uamuzi maalumu, mtu yule anahifadhiwa, na taarifa inakwenda kwa Waziri.

Hapo ndipo Mtumba inapoingia kwenye hadithi. Hatima ya mgonjwa ikishaacha kuwa hukumu, inakuwa jalada. Na jalada linatembea kwa miguu ya watu: linaandikwa, linapigwa muhuri, linapelekwa, linasubiri kwenye meza, linarudishwa kwa sababu karatasi moja haipo. Hakuna Joker anayechimba ukuta usiku. Kuna mtu ambaye huenda amepata nafuu tangu mwaka wa pili, na anaulizia jalada.

Shida hii si ya Tanzania pekee, ni ya wote tuliorithi kabati moja. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Uganda, Fort Portal, ilikutana na kesi ya baba aliyemuua mtoto wake akiamini anaua nyoka. Mahakama ilikwishasema hakuwa na akili timamu. Akabaki kizuizini akingoja amri ya Waziri ambayo haikuja. Jaji akasema kwamba uamuzi wa kumweka mtu kizuizini au kumwachia ni kazi ya mahakama, si ya ofisi ya Waziri. Kenya, ambako wengi wa watu hawa walipelekwa hospitali ya Mathari, sheria iliwaweka kwa muda wote ambao Rais angependa, huku taarifa ya kwanza ya hali yao ikitakiwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Tangu mwaka 2016 majaji kadhaa wa Mahakama Kuu ya Kenya wamesema utaratibu huo unapingana na Katiba ya 2010. Fikiria maana yake: mtu ambaye sheria imesema hana hatia anakaa ndani bila tarehe ya kutoka, wakati aliyepatikana na hatia ya kuua bila kukusudia kwenye mahabusu ileile anahesabu miaka yake na kuimaliza.

Katuni ilitufundisha kuogopa mlango unaofunguka hovyo. Huku kwetu, na kwa Waingereza wenyewe, shida ya zamani ni mlango usiofunguka. M'Naghten hakutoroka. Alikaa ndani zaidi ya miaka ishirini, akahamishiwa Broadmoor mwaka 1864, akafia humo mwaka uliofuata. Na Marekani, nchi ya Batman, ilipata kisa chake mwaka 1981, John Hinckley alipompiga risasi Rais Ronald Reagan. Mwaka 1982 mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Watu walikasirika mno, na mwaka 1984 Bunge likaifanya njia hiyo ya utetezi kuwa nyembamba zaidi kwenye mahakama za shirikisho. Hinckley alitokaje? Si kwa bomu la moshi. Alikaa hospitalini zaidi ya miaka thelathini, akaanza kuruhusiwa ziara fupi kwa wazazi, mwaka 2016 akaenda kuishi na mama yake, mwaka 2022 masharti ya mwisho yakaondolewa. Ni hadithi ndefu, ya kuchosha, ya majaji na madaktari wakipimana maneno. Hakuna atakayeilipia tiketi.

Najua jibu linalokuja, na ni jibu zito. Linatoka kwa Jason Todd mwenyewe. Aliyeuawa kwa kura alirudishwa baadaye kwenye hadithi, na kwenye filamu ya katuni ya 2010, Batman: Under the Red Hood, anamkabili Batman na kumuuliza, kwa maana tu maana maneno si yangu, kwa nini huyu aliyeniua bado anapumua. Hasemi kwamba wahalifu wote wauawe. Anamzungumzia mmoja. Ukiwa na ndugu uliyemzika kwa mkono wa mtu, swali hilo halihitaji kufafanuliwa, na mahubiri kuhusu afya ya akili hayatakulaza usingizi. Batman anamjibu kwamba akivuka mstari huo hatarudi. Ni jibu kuhusu Batman. Jason aliuliza kuhusu Jason.

Lakini katuni inaweza kuuliza swali hilo kwa ukali namna ile kwa sababu imepanga watu wake kwa urahisi: upande huu aliyeuawa na wanaomlilia, upande ule kichaa asiye na mtu. Joker hana mama anayejulikana, hana kijiji, hana shangazi. Ukisoma hukumu za mahakama zetu zenye utetezi huu, unakutana mara kwa mara na mpangilio mwingine: aliyekufa ni mama, au mke, au mtoto, au mdogo wake mshtakiwa. Msiba na kesi vipo kwenye ua mmoja. Mzee yuleyule anayetoa ushahidi kwamba kijana alianza kuongea peke yake tangu masika ndiye aliyechimba kaburi. Yule mama amempoteza binti, na kijana aliye Isanga pia ni wake. Mpe yeye namba mbili za simu. Apige ipi?

Kwa familia kama hiyo, hofu si kwamba atatoka lini. Hofu ni kwamba akitoka arudi wapi. Ua ni uleule, majirani ni walewale, na wapo wanaoamini kwamba alirogwa, au kwamba alijifanya. Sheria imesema hana hatia, daktari amesema amepata nafuu, na bado hakuna aliyekuja kumchukua. Hadithi zote za Arkham zinaisha mtu anapotoka. Zetu huanzia hapo, na hatujaziandika.

Waswahili tuna msemo: kichaa akikuchukulia nguo unapooga, usimkimbize uchi, watakaowaona hawatajua kichaa ni yupi. Kila ninapomwona Batman na lile vazi lake la popo akimkimbiza Joker juu ya mapaa, nausikia. Na sidhani kwamba waandishi wake hawaujui. Alan Moore na Brian Bolland waliusogelea katika The Killing Joke ya 1988. Humo Joker anataka kuthibitisha kwamba siku moja mbaya inatosha kumtia mtu yeyote wazimu, anamtesa Kamishna Gordon, na Gordon hapati wazimu. Anatoka pale akidai jambo moja, kwamba akamatwe kwa kufuata sheria. Kisha Batman anamwambia adui yake kwamba hawajachelewa, kwamba anaweza kumsaidia apone. Joker anafikiri, anasema wamechelewa. Ni kurasa chache, lakini ni mara moja adimu ambapo kupona kumetajwa kwa sauti na steringi mwenyewe.

Miaka thelathini baadaye, katika Black Panther ya 2018, T'Challa anamwambia Killmonger jambo linalofanana, kwamba huenda jeraha lake likatibika. Killmonger anachagua kufa, akitaja mababu waliojirusha baharini kuliko kuvaa minyororo. Ukumbi wa sinema ulikaa kimya, nami pia machozi yalinitoka. Leo naona kwamba kifo kile kizuri kiliisaidia Wakanda kukwepa kesi. Killmonger hakuwa kichaa. Alikuwa na madai. Mahakamani angeyasoma kwa sauti, na baadhi yake yangekuwa ya kweli. Hata nchi tajiri kuliko zote kwenye katuni haikuwa na jaji wa kumsikiliza.

Tulipofika Sabasaba, watu wakaanza kushuka. Yule kijana alikuwa ameshaweka simu mfukoni. Akanigeukia, labda kwa sababu aliniona nikitazama skrini yake njia nzima.

"Dada, eti ina sehemu ya pili hii?"

Nikamwambia ipo, ya mwaka 2024, ila watu hawakuipenda. Ya kwanza iliingiza zaidi ya dola bilioni moja, ya pili haikufika hata robo ya hizo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwamba ndani yake Arthur anapelekwa mahakamani. Filamu karibu nzima ni kesi: wakili wake anajaribu kuonyesha kwamba aliyeua ni mgonjwa, mwendesha mashtaka anasema anaigiza, na mwishoni Arthur mwenyewe anasimama mbele ya baraza na kusema hakuna Joker, ni yeye tu, na anajuta. Baadhi ya waliokuwa wanampenda wanainuka na kuondoka.

"Halafu anatoroka?"

"Anarudishwa Arkham, anachomwa kisu na mfungwa mwenzake, anakufa."

Kijana akasimama ashuke, akashika nguzo ya mlangoni, akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

"Anakufaje," akasema, "na yeye ndiye steringi?"